Taa za kukuzia miche na marando ya viazi vitamu ndani ya nyumba: namna ya kuchagua bila kutupa pesa

Mwezi wa Desemba hapa Edmonton, magharibi mwa Kanada, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi na robo jioni limeshazama. Hizo ni saa saba na nusu za mchana, tena jua lenyewe linatambaa pembeni mwa anga bila kupanda juu. Mimi nimezaliwa Morogoro, ambako mchicha huota wenyewe nyuma ya jiko, kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza huku nilisia nyanya kwenye kopo mwezi wa Februari nikaliweka dirishani, kama ambavyo ningefanya nyumbani. Mbegu ziliota vizuri. Siku ya kumi miche ilikuwa mirefu kama kidole cha kati, myembamba kama uzi, yote imeinamia kioo, na nilipoigusa ikalala. Hakuna hata mmoja uliofika bustanini.

Tangu hapo nimepitia taa za kila aina, na ninayoandika hapa ni yale yaliyobaki baada ya kupima na kupanda misimu kadhaa. Ni kwa ajili ya wanaolima katika nchi za baridi na wanataka kula nyanya chungu na matembele kabla theluji haijarudi. Aliye Mombasa, Mwanza au Kisumu na ana kibaraza kinachopata jua hahitaji taa: aweke trei chini ya kivuli chepesi, amwagilie, inatosha. Ila kama unaishi kwenye ghorofa ambalo madirisha yake yote yanatazamana na ukuta wa jirani, hatua hizi zinakuhusu hata ukiwa Nairobi.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Huku kwetu baridi ya kuua miche huisha katikati ya Mei, na wenyeji wengi husubiri mpaka sikukuu ya Victoria Day ipite, ile Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei. Kutoka siku hiyo hesabu kurudi nyuma. Pilipili, sia mbegu zake wiki 10 hadi 12 kabla. Nyanya chungu na bilinganya, wiki 8 hadi 10. Nyanya, wiki 6 hadi 8. Sukuma wiki, wiki 4 hadi 6. Mchicha, wiki 3 au 4 tu, maana unakua haraka na haupendi kukaa muda mrefu kwenye kikopo. Viazi vitamu vya kutoa marando vianze kuchipuzwa wiki 10 kabla.

Andika haya kwenye karatasi, kisha tazama ni wiki gani utakuwa na trei nyingi kuliko zote. Kwa wengi ni mwisho wa Aprili. Idadi ya trei za wiki hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa taa. Trei ya kawaida ya dukani ina upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 50 hivi. Kwa familia ya watu watano, trei nne zinanitosha, na mfano wa hesabu huko mbele nimeufanyia trei nne.

Hatua ya 2: Fahamu mmea unahesabu nini

Usiliamini jicho. Sebule iliyowashwa taa usiku huwa na luksi (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona) mia mbili mia tatu hivi, na jua la mchana la anga wazi hufika luksi 100,000. Lakini ukiingia ndani kutoka juani, baada ya dakika chache unaona kila kitu sawasawa, kwa sababu jicho hujirekebisha. Jani halina uwezo huo. Linahesabu chembe za mwanga zinazolifikia, moja moja, na zikiwa chache shina hurefuka kuutafuta mwanga. Ndicho kilichoipata ile miche yangu ya dirishani.

Wataalamu hupima mwanga wa mimea kwa maikromoli, yaani hesabu ya chembe hizo za mwanga, kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Miche inayotoka kwenye mbegu inataka 150 hadi 250. Vipandikizi ambavyo havijatoa mizizi vinataka kidogo sana, 60 hadi 100, na sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya marando. Kipimo chenyewe cha maikromoli ni ghali, lakini huna haja nacho. Simu nyingi zina kihisio cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure za kupima luksi. Kwa taa nyeupe ya LED, chukua luksi ugawanye kwa 70. Luksi 14,000 ni kama maikromoli 200. Luksi 5,600 ni kama 80. Simu haina usahihi wa maabara, ila kwa kazi hii inatosha kabisa.

Sasa ongeza muda. Mwanga wa mmea ni kama maji ya mvua yanayokingwa kwenye pipa chini ya mchirizi wa bati: kinachotazamwa ni pipa limejaa kiasi gani jioni. Mvua kubwa ya muda mfupi na manyunyu ya siku nzima yanaweza kujaza pipa sawasawa. Ndiyo maana maikromoli 200 kwa saa 14 na maikromoli 175 kwa saa 16 ni kitu kimoja. Anayependa hesabu azidishe maikromoli kwa idadi ya saa, kisha kwa 0.0036, atapata moli kwa siku. Miche ya mboga inastawi ikipata 8 hadi 12, vipandikizi 3 hadi 5.

Ukilishika hili la pipa, umeshapata nusu ya kazi. Taa ya bei nafuu ikiwashwa saa 16 na kuwekwa karibu huzidi taa ya bei mbaya iliyoning'inizwa darini.

Hatua ya 3: Soma boksi, na ujue cha kupuuza

Hapa ndipo pesa zinapotea. Mwaka wangu wa pili niliagiza mtandaoni taa ya zambarau iliyoandikwa wati 1,000. Ilipofika niliichomeka kwenye kile kipima-umeme kidogo cha soketini, kikaonyesha wati 24. Wati zinazoliwa na taa ndizo zinazotoa mwanga. Hakuna taa inayokula wati 24 ikatoa mwanga wa wati 1,000. Kwa hiyo kila unapoona "sawa na wati 100" au namba kubwa ya kutisha kwenye picha, geuza boksi utafute maandishi madogo ya wati halisi.

Namba ya pili ya kutafuta ni lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. LED nzuri ya sasa hutoa lumeni 100 au zaidi kwa kila wati. Ikiwa boksi linasema wati 40 na lumeni 4,500, hiyo ni taa ya kweli. Likisema wati 40 na lumeni 2,000, iache dukani.

Namba ya tatu ni Kelvini, inayoeleza rangi ya weupe. Chini ya 3,000 ni mwanga wa manjano kama wa chumba cha kulala. 5,000 hadi 6,500 ni weupe wa mchana. Miche hutoka mifupi na migumu zaidi chini ya weupe wa mchana, kwa kuwa una buluu nyingi. Lakini usihangaike sana na hili. Ukikosa ya 6,500 ukapata ya 4,000 yenye lumeni za kutosha, ichukue.

Na ile zambarau? Ni kweli klorofili hufyonza zaidi mwekundu na buluu, na hapo ndipo wauzaji walipopata maneno yao. Lakini mwanga wa kijani nao jani huutumia, na hupenya ndani zaidi kuliko rangi hizo mbili. Taa nyeupe ina rangi zote hizo. Zaidi ya yote, chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusi: huwaoni vidukari, huoni manjano ya njaa ya mbolea, huoni doa la kwanza la ugonjwa. Mtu anayetunza miche lazima aione miche. Simu nayo haiwezi kupima luksi za zambarau zikaleta maana.

Hatua ya 4: Chagua aina

Balbu za zamani za waya hazifai, karibu umeme wote unageuka joto. Tyubu za floresenti zimekuza miche ya watu kwa miongo mingi, na ukipewa bure zitumie, ziwe sentimita 5 hadi 8 tu juu ya majani. Ila zinafifia kadiri zinavyozeeka na ndani zina zebaki, kwa hiyo ikivunjika fungua dirisha na usiifagie kwa mkono mtupu. Kununua mpya leo sioni sababu.

Ninachopendekeza ni taa ndefu ya LED ya gereji, ile ya sentimita 120 ambayo mafundi huning'iniza juu ya meza ya kazi. Inakuja na waya wake, plagi yake na minyororo. Haina neno "mimea" kwenye boksi, na kwa sababu hiyo haina bei ya mimea. Kwa kikopo kimoja cha mrehani kwenye kaunta ya jikoni, balbu ya LED ya wati 9 yenye lumeni 800 kwenye taa ya mezani inatosha, ikiwa sentimita 15 juu yake. Paneli za kitaalamu zilizoandikwa maikromoli kwenye boksi ni nzuri kweli, lakini zina maana kwa anayetaka kuvuna nyanya ndani ya nyumba mwezi wa Januari. Miche ya kukaa wiki nane haihitaji gharama hiyo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya ukubwa

Trei nne zikipangwa ubavu kwa ubavu zinachukua urefu wa mita 1 na ushee na upana wa nusu mita. Chini ya taa ya sentimita 120 eneo lako ni takriban mita za mraba 0.6. Taa moja ya gereji ya lumeni 4,500 hutoa maikromoli 65 hivi kwa sekunde. Mbili hutoa 130. Toa robo kwa mwanga unaomwagika pembeni, zinabaki karibu 100. Gawanya kwa 0.6, unapata kama 165 kwa mita ya mraba. Ziwashe saa 16 na pipa linafika moli 9.5 kwa siku. Miche inakaa vizuri hapo.

Asiyetaka hesabu ashike hili: kila trei moja ipate lumeni 2,000 hadi 2,500. Na taa ziwe mbili sambamba, si moja, maana taa moja nyembamba katikati huacha vikopo vya pembeni gizani.

Upande wa umeme, taa mbili za wati 40 kwa saa 16 zinakula uniti 1.28 kwa siku, yaani kama 38 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti ya kwenu kabla hujanunua.

Hatua ya 6: Ning'iniza, pima, sogeza

Shelfu ya waya ya sentimita 120 ndiyo rahisi kuliko zote. Taa ining'inie kwa minyororo yenye ndoano, ili uweze kuipandisha tundu moja moja kadiri miche inavyokua. Anza na sentimita 20 kutoka kwenye taa hadi kwenye ncha za majani. Kisha laza simu, kioo kikitazama juu, pale pale yalipo majani, upime katikati na kwenye pembe zote nne. Mimi nikianza huwa napata 13,000 katikati na 7,000 pembeni. Ubao mweupe au foili iliyobandikwa kwenye kadibodi, ikisimamishwa pande mbili za shelfu, huziinua pembe sana. Kinachobaki kinamalizwa kwa kuzungusha trei kila baada ya siku tatu.

Baada ya hapo mche wenyewe ndio wa kukuambia. Shina likirefuka na nafasi kati ya jani na jani ikawa kubwa, shusha taa. Majani yakipauka juu, yakijikunja kingo au yakigeuka zambarau ghafla, ipandishe sentimita kumi usubiri siku mbili. Weka pia kiganja usawa wa majani kwa nusu dakika. Ukisikia joto la kukera, taa iko karibu mno.

Kumbuka kwamba mwanga hauoteshi mbegu iliyopoa. Nyanya, pilipili na mchicha hutaka udongo wa nyuzi 24 hadi 29, na chumba changu cha chini ya nyumba kina 17 mwezi wa Machi. Trei inakaa juu ya mkeka wa joto mpaka miche itokeze, kisha mkeka unaondolewa. Taa iwashwe siku ile ile unapoona shingo ya kwanza imejikunja kutoka udongoni. Ukichelewa hata siku mbili, shina limeshakonda, na lililorefuka hivyo halifupiki tena.

Hatua ya 7: Taima

Nunua taima ya kuchomeka, usitegemee kumbukumbu. Saa 16 kwa miche: iwake 6:00, izime 22:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Usiache taa usiku kucha ukidhani unaharakisha. Nyanya zikikosa giza kabisa majani yake huwa ya manjano na huharibika. Mchicha nao una tabia yake: siku zikiwa fupi huwahi kutoa maua na mbegu badala ya majani. Saa 16 zinauweka kwenye majani, unakotaka wewe.

Hatua ya 8: Marando na vipandikizi vingine

Kipandikizi ni tawi lililokatwa kwenye bomba lake la maji. Jani linaendelea kupumua na kupoteza unyevu, na chini hakuna mzizi wa kurudisha. Ukikiwasha taa kali kama ya miche, kinanyauka kabla hakijaotesha chochote. Ukikiweka gizani, kinakosa chakula cha kujengea mizizi. Ndiyo sababu ya ile 60 hadi 100, yaani luksi 4,000 hadi 7,000, kwa saa 14.

Matembele ndiyo yaliyonifundisha hili. Ninanunua kiazi kitamu kilicholimwa bila dawa, maana vingine hupuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua, ninakilaza kwenye trei ya udongo wenye unyevu, nusu kimefukiwa nusu kiko nje, juu ya mkeka wa joto. Baada ya wiki tatu au nne machipukizi ya zambarau yanatoka. Yakifika sentimita 15 ninayasokota taratibu yang'oke, ninaondoa majani ya chini, ninayasimamisha kwenye glasi ya maji. Msimu wa kwanza niliziweka glasi chini kabisa ya taa pamoja na nyanya. Kesho yake yote yalikuwa yamelegea, yananing'inia nje ya glasi.

Mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye, ambaye kwao pia wanayaita matembele, alikuja akayatazama akasema, "Dada, hayo bado wagonjwa, unayaanika juani?" Akayahamishia kwenye shelfu ya chini, pembeni, mbali na taa, akafunika kila glasi kwa mfuko mwepesi wa plastiki. Niliyapima pale alipoyaweka: luksi 5,000. Jioni yalikuwa yamesimama. Siku ya nne, kwenye kila fundo lililokuwa majini, palikuwa na vinundu vyeupe vidogo kama punje za chumvi, na siku ya saba mizizi ya urefu wa kidole.

Fanya hivyo kwa mchaichai wa duka la Waasia, mrehani na rosmeri pia, ila rosmeri iende kwenye mchanga na mboji yenye unyevu na uivumilie mwezi mzima. Mizizi ikifika sentimita 3, hamishia kwenye udongo, toa mfuko kidogo kidogo kwa siku tatu, kisha sogeza karibu na taa mpaka ufikie kiwango cha miche.

Hatua ya 9: Umeme na maji

Tafuta alama ya usalama kwenye taa: Kanada ni CSA au cUL, Ulaya ni CE. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya trei, ifunge kwenye mguu wa shelfu juu ya kiwango cha maji. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiufuata lidondoke kwenye kona hiyo lisiingie kwenye plagi. Ukimwagilia, mwagilia kwa chini, kwenye trei, uso wa udongo ukauke. Feni ndogo ikipuliza polepole saa chache kwa siku inakomaza mashina na kupunguza kinyausi, ule ugonjwa unaokata mche shingoni usiku mmoja.

Hatua ya 10: Kuitoa miche nje

Mche uliozoea luksi 14,000 ukitolewa mchana kwenye luksi 100,000 unaungua, majani yanakuwa meupe kama karatasi. Anza na saa moja kivulini, ongeza saa moja au mbili kila siku, kwa siku saba hadi kumi, na irudishe ndani usiku. Marando yasubiri zaidi. Hayataki usiku wa chini ya nyuzi 10, na hapa hilo ni kusubiri mpaka ndani ya Juni, tena kwenye pipa jeusi linaloshika joto kando ya ukuta wa kusini.

Mwishoni mwa Agosti, kabla ya baridi ya kwanza, kata ncha tano au sita za marando uzirudishe kwenye glasi, kwenye ile shelfu ya chini ya luksi 5,000. Zikishaota mizizi zipande kwenye kikopo. Zitapita majira yote ya baridi, na Machi hutahitaji kununua kiazi.